Kilomita 25 zinazoiweka Uvira mbali na Kinshasa

Kati ya kiwanja cha ndege cha Bujumbura na kile cha N'djili, Kinshasa, pana kilomita zipatazo 1,540 kwa mstari ulionyooka. Jeti ya abiria ikishatulia angani hukata kilomita 800 hadi 850 kwa saa. Ongeza nusu saa ya kupaa na kushuka, na safari inakuwa ya saa mbili na dakika ishirini hivi. Kutoka komini ya Mulongwe, mjini Uvira, hadi kiwanja hicho cha Bujumbura ni kilomita 20 tu kwa mstari, na 25 hivi kwa barabara inayozunguka ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika kupitia Kavimvira, Gatumba na daraja la Rusizi. Usiku taa za Bujumbura zinaonekana kutoka ufukweni Uvira. Ukiamini rula na kikokotoo, mkazi wa Mulongwe angeweza kunywa chai nyumbani kwake, akala cha mchana Kinshasa siku hiyo hiyo, kisha akalalamika kwamba samaki wa huko hawana ladha ya mukeke.

Hesabu hiyo ni sahihi. Ila hakuna anayesafiri kwa kuifuata. Ratiba za kawaida za mashirika ya ndege humpeleka abiria wa Bujumbura Nairobi au Addis Ababa kwanza, ndipo apande ndege ya pili kwenda Kinshasa. Akipitia Nairobi, ataruka kilomita 870 hivi kuelekea mashariki, huku mji anaouendea uko magharibi, kisha atageuzwa na kurudishwa kilomita 2,400. Jumla ni kilomita 3,280, zaidi ya mara mbili ya umbali halisi. Chora mstari kutoka Nairobi hadi Kinshasa na utaona kwamba unapita juu ya ncha ya kusini ya Ziwa Kivu, jirani na Bukavu, kama kilomita 100 tu kaskazini mwa Uvira. Yaani mtu aliyeondoka kwake jana anarudishwa leo karibu na paa la nyumba yake, kwa urefu wa kilomita kumi na moja hivi kwenda juu, bila ruhusa ya kushuka.

Akipitia Addis Ababa, mambo yanakuwa makubwa zaidi. Bujumbura hadi Addis ni kilomita 1,730 hivi, na Addis hadi Kinshasa ni karibu 2,990; jumla inagonga 4,700. Sasa linganisha na mfanyabiashara wa Uvira anayekwenda Dubai kununua vitenge, simu au vipuri vya pikipiki. Bujumbura na Dubai zimetengana kwa kilomita 4,240 hivi, na Addis Ababa imekaa karibu kabisa na mstari unaoziunganisha: kupitia pale hakumwongezei hata kilomita 20. Kwa njia hiyo, Dubai iko karibu na Uvira kuliko Kinshasa, kwa zaidi ya kilomita 450. Raia anayekwenda kwenye wizara za nchi yake anaruka umbali mrefu kuliko mwenzake anayevuka Bahari ya Sham na kuingia nchi za Ghuba.

Ninachodai hapa ni hiki: umbali unaoitenga Uvira na mji wake mkuu haumo angani. Umo katika zile kilomita 25 za chini, kati ya Mulongwe na kiwanja cha Bujumbura, na katika mkataba ambao nchi mbili zinazozitumia hazijauandika. Anayetaka kuifupisha safari ya ndege ya mtu wa Uvira aanzie ardhini. Najua dai hili linakwenda kinyume na ndoto ambayo wanasiasa wamezoea kuwauzia watu wa miji midogo, yaani kiwanja kipya cha ndege chenye jina la mtu mkubwa, kwa hiyo inabidi lijengwe polepole.

Tuanze na namba zenyewe, maana zinapotosha hata pale zinaposema kweli. Umbali kati ya viwanja viwili ni jambo la jiometri: dunia ni mviringo, njia fupi kati ya sehemu mbili ni tao linalofuata mviringo huo, na anayepima kwenye ramani ya ukutani kwa miji iliyo mbali sana na ikweta atapotea. Kwetu sisi tulio karibu na ikweta, safari za mashariki na magharibi hazina ujanja huo, rula inatosha. Muda ndio wenye vituko. Kongo ina saa mbili tofauti: Kinshasa iko saa moja nyuma ya Uvira, na Nairobi iko saa moja mbele ya Uvira. Ndege ikiondoka Nairobi saa tatu asubuhi, ikakaa angani saa tatu na nusu, itatua Kinshasa saa nne na nusu asubuhi ya kule. Kwenye tiketi utasoma kana kwamba safari ilichukua saa moja na nusu. Wakati wa kurudi, ndege ile ile ikiondoka Kinshasa saa tano asubuhi itafika Nairobi saa kumi na nusu jioni, na tiketi itaonekana kudai saa tano na nusu. Ndege haikuongeza mwendo wala kuupunguza. Ni saa za ukutani zilizosogezwa.

Upepo nao una lake, ingawa kwetu si mkali. Katika anga za kaskazini zaidi, pepo za juu huvuma kwa nguvu kutoka magharibi kwenda mashariki, na ndege inayozipa mgongo hufika mapema. Kenya Airways ilipoanzisha safari yake ya moja kwa moja kati ya Nairobi na New York mwezi Oktoba 2018, ilitangaza saa 15 za kwenda na 14 za kurudi, kwa njia ile ile ya kilomita karibu 11,840. Kwa ndugu zetu wengi waliopelekwa Marekani kama wakimbizi, wale waliovuka ziwa mwaka 1996 na kuishi kambi ya Nyarugusu huko Kigoma miaka na miaka, namba hizo zinajulikana vizuri. Wanajua pia kwamba hazielezi lolote kuhusu urefu wa safari yao. Saa 15 angani si kitu mbele ya miaka ya kusubiri mahojiano, vipimo vya afya na jina kubandikwa kwenye ubao wa matangazo.

Hapo ndipo napenda kumwingiza Mbelgiji mmoja, Edmond Thieffry, kwa sababu takwimu zake ni ushahidi mzuri kuliko maelezo yoyote. Thieffry, aliyekuwa rubani wa vita vya kwanza vya dunia na mwanasheria, aliondoka Brussels tarehe 12 Februari 1925 akiwa na wenzake wawili katika ndege ya Handley Page yenye injini tatu, na akafika Léopoldville, Kinshasa ya leo, tarehe 3 Aprili. Ilikuwa mara ya kwanza kwa ndege kutoka Ubelgiji kufika Kongo. Alisafiri kilomita 8,124 kwa siku 51. Lakini ukijumlisha muda ambao ndege ilikuwa kweli angani, unapata saa 75 na dakika 25 tu. Siku 51 zina saa 1,224. Maana yake, Thieffry aliruka kwa asilimia 6 ya safari yake, na asilimia 94 aliipitisha chini. Leo ndege inatoka Brussels hadi Kinshasa kwa saa nane hivi. Kilichokufa katika miaka mia moja ni zile asilimia 94, si mwendo peke yake. Kama mwendo tu ndio ungeongezeka na hali ya ardhini ikabaki ile ile, Brussels hadi Kinshasa bado ingechukua zaidi ya mwezi na nusu. (Thieffry mwenyewe alifariki Aprili 1929, ndege yake ilipoanguka karibu na Ziwa Tanganyika, akiwa katika kazi ya kuandaa usafiri wa ndege wa ndani ya Kongo. Kazi hiyo, kwa upande wetu wa ziwa, ungesema ilisimama pale pale alipoiacha.)

Tufanye hesabu ya namna hiyo kwa abiria wa Mulongwe. Tuseme ameondoka nyumbani alfajiri, amelala Nairobi kwa sababu ndege ya pili haikuungana na ya kwanza, na amefika N'djili asubuhi ya kesho yake. Saa 25 au zaidi zimepita. Angani amekaa saa tano: moja na nusu kufika Nairobi, tatu na nusu kufika Kinshasa. Ni asilimia 20. Tumemzidi Thieffry, naam, lakini tumemzidi kwa kiasi kidogo cha kuaibisha ukikumbuka kwamba katikati yetu kumepita karne nzima. Na hata siku ndege zinapoungana vizuri, nusu ya safari bado iko chini.

Chini kuna nini? Kuna mpaka wa Kavimvira kwanza. Abiria anashuka kwenye pikipiki au teksi upande wa Kongo, anapanga foleni mbele ya dirisha la DGM, idara ya uhamiaji ya Kongo, pasipoti inapigwa muhuri wa kutoka. Anaonyesha kadi ya njano ya chanjo. Mzigo unafunguliwa mbele ya watu wa forodha. Anatembea kwa miguu akiburuta begi, kisha mambo yale yale yanaanza upya upande wa Burundi: dirisha, muhuri, kadi, begi. Halafu atafute gari la Gatumba, barabara ambayo tangu mwaka 2020 imeingiliwa na maji mara kadhaa, Rusizi ikifurika na ziwa likipanda. Kila afisa anaweza kuwa mwungwana, na kila hatua ikachukua dakika kumi tu, lakini abiria hajui kama leo ni siku ya dakika kumi au ya saa mbili. Kwa hiyo anajiongezea muda wa tahadhari. Aliye na ndege ya saa saba mchana anatoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi. Ndege ikitua jioni baada ya mpaka kufungwa, analala Bujumbura kwa gharama zake, huku akiona taa za Uvira zikiwaka ng'ambo. Mwisho mwingine wa safari nao una kilomita 25 zake: kutoka N'djili hadi katikati ya Kinshasa ni bulvari Lumumba, na kila aliyewahi kukwama pale atakuambia kwamba msongamano wa magari huweza kula muda sawa na wa kuruka kutoka Bujumbura hadi Nairobi.

Shirika la ndege halina kosa katika hili, na hapa natofautiana na wanaolaumu Nairobi na Addis. Ndege hukusanya abiria wa miji mingi mahali pamoja kwa sababu hakuna mji mmoja wa kwetu unaojaza ndege kila siku kwenda kila mahali. Mfano wa Dubai unaonyesha kwamba kituo cha kubadilishia ndege si adui wa msafiri. Kikikaa kwenye njia yake kinamfaa. Addis imekaa vizuri kwa anayekwenda Asia na Ulaya. Imekaa vibaya kwa Mkongomani anayekwenda Kongo, na wala haikuwahi kupangwa kwa ajili yake. Kumpangia Mkongomani safari ya kwenda Kongo ni kazi ya Kongo.

Zamani kulikuwa na jibu la Kongo, angalau nusu yake. Mtu wa Uvira alipanda Bukavu kwa barabara, kilomita 130 hivi kupitia Sange, Luvungi, Kamanyola na zile kona za mlima wa Ngomo ambako lori likiharibika siku nzima inakwisha, au akakata kupitia Bugarama upande wa Rwanda. Kisha kilomita 30 nyingine hadi kiwanja cha Kavumu, na kutoka hapo ndege ya Kinshasa. Njia hiyo ilikatika Februari 2025, waasi wa M23 walipoteka Kavumu siku mbili kabla ya kuiteka Bukavu. Goma ilikuwa imeshaanguka mwishoni mwa Januari, na kiwanja chake kikafungwa. Kivu mbili, zenye mamilioni ya watu, zikajikuta hazina kiwanja kikubwa kinachofanya kazi upande wa serikali. Kutoka hapo Bujumbura ikaacha kuwa njia mbadala ya Uvira, ikawa njia.

Pendekezo langu si geni duniani. Kiwanja cha Basel-Mulhouse kimejengwa chote katika ardhi ya Ufaransa, lakini ni kiwanja cha mji wa Basel ulio Uswisi, kilomita chache tu kutoka hapo. Kazi ilianza 1946, vita vikiwa vimeisha mwaka mmoja tu nyuma, na mkataba ukatiwa saini tarehe 4 Julai 1949. Ufaransa ilitoa ardhi, Uswisi ikabeba sehemu kubwa ya gharama za ujenzi. Ndani ya jengo moja kuna upande wa Uswisi na upande wa Ufaransa. Kutoka Basel kuna barabara maalumu ya forodha inayomfikisha abiria upande wa Uswisi bila kukaguliwa na Wafaransa. Kiwanja hicho kina hata alama tatu kwenye tiketi: BSL kwa Basel, MLH kwa Mulhouse, na EAP kwa wote. Basel ilikubali mapema kwamba ardhi tambarare iliyokuwa karibu nayo ilikuwa ya jirani, ikamwendea jirani.

Kwa Uvira na Bujumbura toleo dogo la mpango huo lingetosha kuanzia. Kiwanja kipo, chenye njia ya kurukia ya mita 3,600 inayopokea ndege kubwa. Kinachohitajika ni kwamba abiria mwenye tiketi ya Kinshasa akaguliwe mara moja tu, na maofisa wa nchi zote mbili walioketi dirisha moja. Kwamba basi la abiria hao lipite Gatumba moja kwa moja hadi kiwanjani. Kwamba mpaka ufuate ratiba ya ndege, usisubiriwe na ndege. Na kwamba shirika la Kongo liruhusiwe kutua Bujumbura na kuwahesabu abiria wa Uvira kama abiria wa ndani. Kituo kimoja cha ukaguzi mpakani si jambo la kufikirika. Burundi inacho na Tanzania huko Kobero na Kabanga, na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuhusu vituo vya aina hiyo ni ya mwaka 2016. Burundi iliingia Jumuiya mwaka 2007, Kongo ikafuata 2022. Mpaka wa Goma na Gisenyi ulikuwa wazi usiku na mchana kwa miaka kadhaa, na dunia haikuanguka.

Wapo watakaosema: kwa nini tusijenge chetu? Bonde la Rusizi ni tambarare, ardhi ipo, na heshima ya taifa ipo pia. Hoja hii ina mvuto, na nisingependa kuipuuza. Lakini lami ya kurukia ndiyo sehemu rahisi ya kiwanja. Ndege ya abiria inadai kikosi cha zimamoto, mitambo ya kuiongoza usiku na kwenye ukungu, mafuta, watabiri wa hali ya hewa, na mnara wenye watu waliofunzwa, kila siku, hata siku ambazo hakuna ndege. Viwanja viwili vya kimataifa vilivyotengana kwa kilomita 20 vingegawana anga moja, na ndege inayokishukia kimoja ingekuwa inapita katika eneo la kingine. Mnara wa Bujumbura na wa Uvira ingebidi wazungumze kila saa. Kwa maneno mengine, hata ukijenga chako, bado utahitaji mkataba na jirani. Ni afadhali kuutafuta huo mkataba kwanza, kabla ya saruji. Kuhusu mapato, abiria anayeanzia safari kiwanja cha Kongo hulipa Go-Pass, tozo iliyoanzishwa mwaka 2009 kwa ajili ya kukarabati viwanja. Anayeanzia Bujumbura hailipi, anaacha ada zake Burundi. Mkataba wa kugawana ungerudisha sehemu ya fedha hizo Kongo. Bila mkataba hairudi hata faranga moja.

Pingamizi zito zaidi ni la usalama, na anayelitoa ana historia upande wake. Baada ya Pierre Buyoya kutwaa madaraka Julai 1996, nchi jirani ziliiwekea Burundi vikwazo, na ndege za kibiashara zikakoma hadi vikwazo vilipoondolewa Januari 1999. Mwaka 2020, wakati wa Korona, Burundi ilifunga kiwanja chake kwa miezi. Desemba 2025, vita vilipoingia Uvira, mpaka ulifungwa. Hata upande wa Nairobi si salama daima: mwishoni mwa Aprili 2024 Kenya Airways ilisimamisha safari za Kinshasa kwa siku kadhaa baada ya wafanyakazi wake kukamatwa na idara ya usalama ya jeshi la Kongo. Nani basi aweke roho ya mji mikononi mwa jirani?

Najibu kwa kuuliza swali kinyume. Kavumu iko ardhi ya nani? Goma iko ardhi ya nani? Viwanja vyote viwili ni vya Kongo, na vita vilipokuja vilifungwa kama mpaka wowote. Kiwanja chetu wenyewe hakina kinga ambayo kiwanja cha jirani hakina. Tofauti ni kwamba mkataba ulioandikwa una taratibu za dharura: nani anapita mpaka ukifungwa, mgonjwa mwenye rufaa anapelekwaje, tiketi zilizolipwa zinafanyiwa nini. Leo hakuna lolote kati ya hayo, kwa hiyo kila mpaka unapofungwa watu huanza upya kubembeleza mlinzi mmoja mmoja. Sisemi mkataba unazuia bunduki. Nasema unapunguza yale mengine yote, na siku zisizo na bunduki ni nyingi kuliko zenye bunduki, hata kwetu.

Wengine watatuelekeza Kalemie. Kuna kiwanja pale, ndani ya Kongo, hakuna mpaka wa kuvuka. Ni kweli, na ni kilomita 280 za ziwa kuelekea kusini, kwa boti ambazo Tanganyika ikichafuka zinaomba Mungu pamoja na abiria wake. Mwenye haraka hawezi kwenda huko, na mwenye mgonjwa haruhusiwi na dhamiri yake.

Na mwisho kuna wale wanaouliza ni wangapi Mulongwe wanapanda ndege. Wachache. Bei ya tiketi ni mshahara wa miezi kwa mwalimu. Lakini mpaka unaopitika kwa dirisha moja hauwafaidi abiria wa ndege peke yao. Mama anayevusha dagaa na mafuta ya mawese kwenda soko la Bujumbura anasimama foleni ile ile. Mwanafunzi, mgonjwa, dereva wa lori, wote wanasimama pale. Kiwanja kipya cha ndege kingewahudumia wachache hao tu. Mpaka uliorekebishwa unawahudumia kwanza wengi, na wachache baadaye. Kama fedha ni za chaguo moja, chaguo ni hilo.

Air Congo, shirika jipya ambalo serikali imeliunda pamoja na Ethiopian Airlines, lilianza safari zake za ndani Desemba 2024. Ndege zipo, basi, na mshirika aliyepo anaijua Bujumbura miaka mingi. Wabunge wa Uvira, wa mkoa na wa taifa, wana swali moja la kuwapelekea mawaziri wa uchukuzi na wa mambo ya nje, na wapiga kura wana haki ya kuwadai jibu lake kabla ya kusikiliza ahadi nyingine ya lami: ni tarehe gani Kinshasa na Bujumbura zitakaa mezani kuhusu Kavimvira na Gatumba, na mpaka huo utafungwa saa ngapi?